Begi la dharura: sufuria gani ndogo? Nashikilia ile pana ya sentimita 18, si zile ndefu za wapanda milima

#1 Kitako_Kipana (mwanzisha uzi)
Wakuu salaam. Masika yanakaribia na orodha za begi la dharura zimeanza kuzunguka tena. Tochi, nakala za vyeti, dawa, yote yanaelezwa vizuri. Zikifika kwenye chombo cha kupikia zinaandika "sufuria ndogo" halafu zinapita. Picha zake ni za vikombe virefu vya wapanda milima, kipenyo sentimita 10 mpaka 12, vyenye vipini vya kukunja.

Dai langu: kwa chakula chetu na majiko yetu, chombo hicho hakifai. Chukueni sufuria ya alumini ya kawaida, kipenyo 18, kina 9, isiyo na mpini, yenye ukingo bapa na mfuniko wake. Ikijaa mpaka mdomoni inabeba kama lita 2.3. Ukipika usivuke robo tatu, kwa hiyo una lita 1.7 za kazi: vikombe sita vya uji, au wali wa nusu kilo ya mchele, au ugali wa gramu 400 za unga. Ikiwa na unene wa milimita 1.5 haifiki gramu 350 bila mfuniko.

Kikombe cha 12 kwa 10 kinabeba lita 1.1 tu, na mwiko haugeuki humo. Ugali utausongaje? Karibuni tubishane.

#2 Jiko_la_Gesi
Naunga mkono, na kuna sababu hujaitaja. Jiko la juu la mtungi wa kilo 6 lina mikono mirefu inayobeba sufuria, na katikati pana uwazi. Kitako cha sentimita 10 kinakaa kwenye ncha za ndani tu, ukikoroga kidogo kinalala. Kwenye jiko la mkaa ni hivyo hivyo: meno yameachana kwa ajili ya sufuria za familia, kikombe kinatumbukia kwenye moto.

Kabla hujalipa, muombe muuzaji akuwekee sufuria juu ya jiko lenyewe. Iguse mikono yote. Ibonyeze ukingo kwa kidole upande mmoja, ikiinuka, rudisha.

#3 Makala_Kidogo
Jambo wote, niko upande wa Goma. Mnazungumza kama kila dharura ni mafuriko na mtu anakaa shuleni akingoja maji yapungue. Mwezi wa Mei 2021 Nyiragongo ilipolipuka watu walitoka Goma kwa miguu kuelekea Sake, na mtoto mgongoni. Pale kila gramu inahesabiwa. Kikombe cha chuma cha mililita 750 kinaingia mfukoni mwa begi, kinachemsha maji ya mtoto kwa makala (mkaa) ya kujaza mikono miwili, na unakinywea. Sufuria ya sentimita 18 inakula nafasi ya blanketi.

#4 Kitako_Kipana
@Makala_Kidogo nafasi hailiwi kama sufuria yenyewe ni sanduku. Ndani weka kiberiti kilichofungwa nailoni, kijiko, kisu, chumvi, majani ya chai, sukari, vidonge vya kutibu maji. Hewa ya bure haibaki. Lakini nakubali, kwa mtu mmoja anayetembea, kikombe kina hoja.

#5 Mkemia_Mtaani
Hapo kwenye chumvi simama kwanza. Alumini inalindwa na utando mwembamba sana wa oksidi juu yake. Chumvi ikivuta unyevu, kloraidi inautoboa utando huo na kuanza kula chuma kwa vidoa vidogo vyenye unga mweupe. Begi linakaa miezi nane bila kufunguliwa, hasa Pwani, unalifungua unakuta sufuria ina vitundu. Chumvi iwe kwenye chupa ya plastiki yenye kifuniko cha kusokota, na chupa hiyo iwe nje ya sufuria. Kiberiti na majani ya chai havina tatizo.

Pia msiihifadhi sufuria ikiwa na unyevu, mfuniko juu. Ianikeni mpaka ikauke kabisa, halafu wekeni karatasi ya gazeti kati ya sufuria na mfuniko.

#6 Bi_Mwiko
Nakubaliana na mwanzisha uzi kwenye upana, nakataa kwenye ukubwa. Familia ya watu watano haipikiwi kwenye lita 1.7. Seti za jikoni ambazo Msalaba Mwekundu wanagawa kwa watu watano zina sufuria ya lita 7 na nyingine ya lita 5. Hawakuzikadiria kwa macho. Gramu 400 za unga ni watu wawili na nusu. Hao wengine wasubiri mzunguko wa pili na moto unakwisha?

#7 Jiko_la_Gesi
Dada Bi_Mwiko, seti ile inaletwa na lori. Hapa tunajadili kile ambacho mtu anakinyakua akitoka mlangoni maji yakiwa magotini.

#8 Bi_Mwiko
Na mimi nazungumzia kile atakachopikia siku ya tatu, kaka. Tarehe 3 Desemba 2023 tope liliposhuka Katesh kule Hanang, misaada ilifika, lakini kati ya tope na sahani ya kwanza watoto wanakula nini? Sufuria mbili, moja ndani ya nyingine, ndiyo jibu. Miongozo ya Sphere, viwango vya kimataifa vya misaada ya dharura, nayo inataja sufuria mbili zenye mifuniko kwa kaya ya watu wanne au watano, beseni moja, kisu kimoja na miiko miwili ya kupakulia.

#9 Mzee wa Mizani
Tuweke hesabu ya maji mezani, ndiyo inayoamua ukubwa.

Kunywa na kupika ni lita 2.5 mpaka 3 kwa mtu kwa siku. Watu watano ni lita 12.5 kwa uchache. Kwa sufuria ya #1 ni kuchemsha mara saba au nane.

Nishati: lita moja kutoka nyuzi 25 mpaka 100 inahitaji kilojuli 314. Mkaa una megajuli 29 hivi kwa kilo, na jiko la kawaida linaingiza kwenye maji kama asilimia 20 tu, mengine yanaruka hewani. Ni gramu 54 za mkaa kwa lita. Lita 12.5 ni gramu 675, hapo hujawasha moto wenyewe wala kupika chochote. Gesi ina afadhali: kwa ufanisi wa asilimia 45, gramu 15 kwa lita.

Maana yake: usipange kuchemsha maji yote ya kunywa. Tibu kwa klorini, moto uwe wa chakula. Hapo sufuria ndogo inatosha.

#10 Nyanda_za_Juu
Mzee wa Mizani umepiga hesabu vizuri ila klorini haiui kila kitu. Kuna kijidudu cha kuhara kinachoitwa kriptosporidiamu, kina ganda gumu, dozi ya kawaida ya vidonge haikiwezi, lakini kuchemsha kunakimaliza. Na maji ya mafuriko ni tope. Tope linameza klorini kabla haijafanya kazi. Yaache yatulie, yachuje kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne au zaidi, ndipo uweke kidonge, ndipo usubiri nusu saa. Maji ya watoto wadogo na wagonjwa yachemshwe. Hayo tu ni lita tatu au nne kwa siku.

#11 Rafiki wa Tana
Hamjambo, nachangia kutoka Kenya. Swali: hayo maji yachemke dakika ngapi? Huku tumefunzwa dakika kumi, wengine ishirini. Nairobi iko juu, maji yanachemka mapema.

#12 Nyanda_za_Juu
@Rafiki wa Tana, Nairobi ina mita karibu 1,800, maji yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi. Kila mita 300 unazopanda, unapoteza takriban nyuzi moja. Lakini vijidudu vya tumbo vinakufa kabla ya hapo. Shirika la Afya Duniani linasema yakishafikia kutokota kwa nguvu inatosha. Wamarekani wa CDC, taasisi yao ya kudhibiti magonjwa, wanasema dakika moja, na dakika tatu ukiwa juu ya mita 2,000. Dakika ishirini ni kuchoma mkaa bure na kupunguza maji yenyewe kwa mvuke.

#13 Rafiki wa Tana
Shukrani. Ila nitasema hivi: mama akiambiwa dakika moja, ataondoa sufuria yakianza kutoa mapovu madogo ya pembeni. Akiambiwa kumi, angalau yatachemka kweli. Hiyo kumi ina kazi yake.

#14 Mkemia_Mtaani
Mapovu madogo ya pembeni ni hewa iliyoyeyuka inatoka, maji bado hayajachemka. Mfundisheni alama: uso wote wa maji unaviringika na hautulii ukikoroga. Na jambo lingine: kuchemsha hakuondoi mafuta ya gari, dawa za shamba wala chumvi. Maji yenye harufu ya petroli yaacheni kabisa, hakuna sufuria ya kuyaokoa.

#15 Stili_Daima
Mbona wote mmeshakubali alumini bila kesi? Sufuria ya stili haipindi ikianguka, haigombani na ndimu wala ukwaju, unaisugua kwa mchanga na inabaki vilevile. Uzito ni hoja dhaifu: chuma ni kizito mara tatu kwa ujazo, ni kweli, lakini sufuria ya stili inatengenezwa kwa milimita 0.6. Ukubwa uleule wa 18 kwa 9 unapata gramu 360. Tofauti na alumini ni ya yai moja.

#16 Bi_Mwiko
Na huo wembamba ndio unaounguza uji. Alumini inasafirisha joto zaidi ya mara kumi kuliko stili. Stili nyembamba juu ya mkaa inapata doa la moto pale kaa lilipo, ukoko unashika katikati huku pembeni bado kubichi. Dawa yake ni ile yenye tabaka nene la alumini chini, ambayo sasa si gramu 360 tena. Titani inayosifiwa na wapanda milima ina ugonjwa huohuo. Ni nzuri kwa maji tu.

#17 Stili_Daima
Ukoko ni wa mpishi dada, si wa sufuria. Punguza moto, koroga. 😀

#18 Bi_Mwiko
Punguza moto wa kuni za mvua kwa kitufe kipi kaka?

#19 Jiko_la_Gesi
Kwa wanaotaka stili: msidanganywe na sumaku. Sokoni wanasema ikinata ni feki. Daraja la 430 linanata na ni stili halali, ila halina nikeli, hewa ya chumvi ya Pwani inaliotesha kutu mapema. Daraja la 304 halinati. Tatizo ni kwamba 201, lililopunguzwa nikeli na kuongezwa manganizi, nalo kwa kawaida halinati, na kwa kutu liko chini ya 304. Kwa hiyo sumaku haitenganishi 201 na 304. Tazameni muhuri kwenye kitako, na hata huo uaminini kwa kiasi.

#20 Mkemia_Mtaani
Na wa alumini nao wasikilize. Kuna sufuria za karatasi ya alumini ya kiwandani, nyembamba, unene sawa kila mahali. Na kuna zile za kumiminwa kwenye ukungu wa mchanga kutokana na vyuma chakavu: injini, rejeta, chochote. Risasi, ile metali ya sumu, inaingia humo. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2014 kwa sufuria za aina hiyo kutoka Kameruni vilionyesha risasi ikitoka kwenda kwenye chakula, na vipimo vya nchi nyingine vikafuata. Utazitambua: ukuta mnene na haulingani, uso una vitundu kama vya sindano, ndani kuna mikwaruzo ya tupa. Nyanya, ukwaju na ndimu ndivyo vinavyoivuta zaidi. Kuichoma tupu au kuchemshia maganda ya viazi kabla ya kuitumia hakuondoi risasi.

#21 Fundi Kifuniko
Mkuu, usizifungie zote jela. Sufuria nene ya kumimina ndiyo inayopika ugali wa sherehe bila kuungua, na mafundi wengine wanatenga chuma chao.

#22 Mkemia_Mtaani
Kwa macho huwezi kujua fundi ametenga nini. Kwa begi ambalo huenda likapikia mtoto wa mwaka mmoja, chukua ya karatasi. Na ni nyepesi zaidi, kwa hiyo hupotezi kitu.

#23 Fundi Kifuniko
Sawa. Nije kwenye eneo langu: vishikio na mifuniko, ambako vyombo vingi vinakufa.

Plastiki ngumu nyeusi kwenye mpini inavumilia jiko la gesi, kwenye kuni inapasuka na kunuka. Mpini mmoja mrefu unaipindua sufuria ndogo ikiwa haijajaa. Masikio mawili yaliyofungwa kwa riveti ni imara, lakini riveti zikilegea maji yanavuja pale pale, na uchafu unakaa nyuma yake.

Sufuria isiyo na mpini inapangika vizuri. Ubaya wake ni kuiinua. Msitumie kitambaa kibichi: maji yaliyomo yanapitisha joto na kugeuka mvuke, unaungua ukiwa umeshashika na huwezi kuachia. Kitambaa kikavu cha pamba kikunjwe mara nne, au koleo la sufuria.

Ukitaka kuitundika juu ya moto, tobolea matundu mawili yanayotazamana, sentimita moja chini ya ukingo, tia riveti zenye pete upande wa nje, pitisha waya wa milimita 3 wa chuma mfano wa mpini wa ndoo. Waya uwe mrefu kiasi cha kulala nje ya ukingo, ili usizuie mfuniko.

Kirungu cha plastiki juu ya mfuniko kitoeni, wekeni skrubu fupi yenye nati na washa mbili. Mfuniko bapa mkiugeuza ni sahani.

#24 Kitako_Kipana
Somo zuri fundi. Na mfuniko si pambo, bila huo mvuke unaondoka na joto lako na hesabu ya #9 inakuwa mbaya zaidi.

#25 Makala_Kidogo
Swali langu: masizi. Wengine wanasema sufuria nyeusi chini inachemsha haraka, msiisugue. Ni kweli?

#26 Mzee wa Mizani
Kweli. Alumini inayong'aa inarudisha mionzi ya joto, nyeusi inainywa.

#27 Nyanda_za_Juu
Inategemea moto. Juu ya kaa jekundu joto jingi linakuja kwa mionzi, weusi unasaidia. Juu ya ndimi za kuni au gesi, joto linaletwa na hewa moto inayogusa kitako, rangi haina uzito mkubwa.

#28 Bi_Mwiko
Wote mnasahau unene. Weusi mwembamba sawa. Masizi yakishakuwa tabaka la kukwangua kwa kisu, hilo ni blanketi. Halafu sufuria hiyo inarudi ndani ya begi lenye nguo za mtoto! Pakeni nje sabuni ya mche iliyoloweshwa au uji wa majivu kabla ya kuweka kwenye kuni. Baadaye masizi yanatoka kwa maji tu.

#29 Mzee wa Mizani
Majivu nayo ni blanketi basi.

#30 Bi_Mwiko
Nyembamba nimesema, Mzee. Si kukandika ukuta.

#31 Rafiki wa Tana
Mkimaliza masizi, niambieni kuhusu maharagwe. Ndiyo chakula kinachokaa, lakini kwa sufuria hii ndogo gesi itaisha.

#32 Nyanda_za_Juu
Loweka saa nane au zaidi, mwaga maji hayo, chemsha kwa nguvu dakika kumi hadi kumi na tano mfuniko ukiwa juu, kisha toa motoni ikiwa inatokota na uifunge kwa blanketi na nguo pande zote, chini pia, saa nne au tano. Huo ndio mpango wa jiko kikapu. Ila sufuria iwe imejaa. Maji kidogo yanapoa haraka. Ukifungua, ichemshe tena kabla ya kula.

Dakika kumi hizo msizipunguze kwa maharagwe mekundu. Yana sumu ya asili inayovunjwa na mchemko mkali. Yakipashwa kwa moto hafifu tu, yanaleta kutapika. Kama gesi au mkaa ni haba kabisa, wekeni choroko au dengu zilizokobolewa, zinaiva upesi.

#33 Jiko_la_Gesi
Na jamani, jiko la mkaa lisiingizwe kwenye chumba kilichofungwa eti mvua inanyesha nje. Ile hewa ya sumu haina harufu na inaua watu wakiwa usingizini. Barazani, au mlango na dirisha wazi, na lisibaki ndani usiku hata likionekana limefifia.

#34 Stili_Daima
Kuna mtu atasema ukubwa wa sufuria mbili za Bi_Mwiko? Nataka zinunuliwe wiki hii, stili.

#35 Bi_Mwiko
18 ndani ya 22. Ya 22 ikiwa na kina cha 11 inabeba lita 4.2 ikijaa, hapo ugali wa watu wanne unasongeka. Usichukue 20 ndani ya 22: ukingo bapa unaongeza kama sentimita moja kila upande, zinabanana. Ya ndani ishuke na mfuniko wake bila kusukumwa, na mfuniko wa nje ufunge.

#36 Fundi Kifuniko
Nyongeza: wekeni gazeti au kitambaa katikati, hasa zikiwa za alumini. Zikikwama msigonge kwa nyundo, ukingo unapinda na mfuniko hautakaa tena. Mimina maji baridi kwenye ya ndani, simamisha ya nje kwenye beseni la maji ya moto, subiri dakika moja, zungusha huku unavuta.

#37 Stili_Daima
Shukrani fundi. Sasa mwiko: wa kawaida hauingii begini. Nikate mpini nibakize sentimita ngapi?